Dawa Isiyo na Magamba

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema mapema ili asiwepo wa kuniambia baadaye kwamba nilificha. Utelezi wowote, iwe ni bamia iliyopikwa vibaya, konokono ukutani au kamasi za mtoto wa jirani, hunifanya nimeze mate na kutazama pembeni. Katika miaka ya sitini nilikuwa nauza sabuni sokoni Migori, sabuni ya mche niliyoikata kwa waya, na wenzangu wa mboga walinicheka kwamba nilichagua biashara hiyo ili nipate kisingizio cha kunawa siku nzima. Walikuwa wamenijua. Meza yangu ilikuwa mwisho wa safu, mbali na wauza samaki, na siku karani wa soko alipotaka kunihamishia karibu nao tulirushiana maneno mpaka wateja wakaacha kununua wakaja kusikiliza.

Kanisa letu la Sabato lilinifaa sana. Wengine waliona masharti yake ya chakula ni mzigo. Mimi niliona hatimaye nimepata mahali ambapo kinyaa changu kina heshima. Kila cha majini kisicho na mapezi na magamba kwetu kilikuwa chukizo, basi, hakuna mjadala. Ngege, yule perege wa ziwani, tulikula, omena, yaani dagaa, tulikula, lakini mumi hakuingia nyumbani kwangu. Mumi ndiye yule samaki ambaye watu wa pwani humwita kambare: ngozi tupu nyeusi, kichwa bapa, masharubu kama ya polisi, na ute unaobaki vidoleni hata ukisugua. Hata pasingekuwa na kanisa nisingemgusa.

Mume wangu alinishinda kwa ukali. Ujanani alichimba dhahabu Osiri, akila kila kilichoingia sufuriani na kunywa kila kilichotoka kwenye mtungi. Kisha akabatizwa, akawa mzee wa kanisa, na akawa na msimamo kuliko waliozaliwa humo. Siku moja alitupa sufuria yetu nzima ya mchuzi kwa sababu jirani alikoroga kwa kijiko kilichopikia mumi. Nilimpenda kwa jambo hilo. Tulikuwa wanandoa wa ajabu, najua, lakini nyumba yetu ilikuwa safi.

Tulikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, aliyekuja baada ya mimba zangu kuharibika mpaka watu wa kwao wakaanza kumtafutia mume wangu mke mwingine. Alipofika umri wa kung'oa meno ya utoto, meno yake yakalegea na sisi tukafurahi. Mume wangu alimtania kwamba sasa atakula uji kama bibi yake. Hakuna aliyejiuliza kwa nini yalikuwa yakilegea ya nyuma kwanza, na ya upande mmoja.

Shavu la kushoto likavimba. Tukasema ni jino. Tukakanda kwa maji ya chumvi, tukamnunulia vidonge dukani, na shavu likaendelea kuvimba mpaka jicho likasukumwa juu na mdomo ukashindwa kufunga. Ndani ya kinywa mlikuwa na nyama iliyoota juu ya ufizi, nyekundu, inayochuruzika, meno yakielea ndani yake. Na ilinuka. Sitaipamba. Ilinuka kama kitu kilichosahauliwa chini ya kitanda, na kilikuwa kinywa cha mwanangu, kile nilichokuwa nikikibusu.

Wageni walikuja wakiwa wameshika leso. Wanawake wa kanisani walikaa karibu na mlango, wakaomba kwa haraka, wakaondoka bila kunywa chai. Mmoja alileta watoto wake waje kuona. Nilimwuliza kama anadhani amekuja maonyesho ya kilimo. Niliwachukia wote, na nilizidi kuwachukia kwa sababu mimi mwenyewe, mama mtu, nilikuwa nikigeuza uso kuvuta pumzi kabla ya kumwosha. Mtoto aliliona hilo. Akaanza kujifunika kanga usoni kila ninapomkaribia, ili kunisaidia.

Tukampeleka hospitali Homa Bay. Kulikuwa na daktari mzungu aliyejua ugonjwa ule. Alisema watoto wengi wa huku kwetu ziwani huupata, na kwamba ni saratani. Alikuwa amejifunza Kiswahili Mombasa, kwa hiyo aliongea kama redio, na sista wa wodi, mwenyeji wetu, ilibidi atafsiri Kiswahili chake kwa Kiswahili chetu. Alimdunga mtoto dawa ya kwanza, na uvimbe ukayeyuka kama mafuta kwenye kikaango. Wiki haikuisha, jicho likarudi mahali pake. Mume wangu alitoa ushuhuda kwa sauti mpaka wagonjwa wakamwambia apunguze.

Kisha ukarudi. Ukarudi kwa haraka kuliko ulivyoondoka, na ukarudi na harufu yake. Daktari alijaribu tena dawa ileile na uvimbe haukujali. Sasa ulianza kusukuma ulimi, na mtoto alipolala alikoroma kama mtu anayezama. Daktari alituita, mimi na mume wangu, akasema iko dawa nyingine mpya, ameletewa chupa chache, na kama uvimbe ukiendelea hivyo utamziba koo. Hakuzunguka. Nilimheshimu kwa hilo.

Mume wangu aliuliza dawa hiyo imetokana na mti gani. Sijui kwa nini aliuliza. Nadhani alitaka kuonekana mtu wa kuelewa mambo. Daktari akafurahi kuulizwa, maana wanaume wengi walikuwa wakinyamaza tu, akaanza kueleza. Sista akatafsiri.

"Baba, daktari anasema si mti. Watu waliianza kwa kitu ya baharini. Inaitwa sifongo."

Sifongo niliijua kwa jina tu, kutoka kwenye kisa cha msalabani. Siku zote nilidhani ni aina ya kitambaa.

"Ni kitu ya kuishi?" mume wangu akauliza.

"Ni mnyama," daktari akasema mwenyewe. "Mnyama asiye na kichwa wala mkia. Hukaa tu juu ya mwamba chini ya bahari na kuchuja maji."

"Iko na magamba?" nikauliza.

Daktari alimtazama sista. Sista, ambaye alijua vizuri sana tunakoelekea, akatazama sakafu.

"Hana magamba," daktari akasema.

"Na mapezi?"

"Wala mapezi."

Mume wangu akasimama, akavaa kofia yake. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya: "Daktari, asante sana. Lakini hiyo kwetu ni chukizo. Kula ni makosa. Sasa kuiweka kwa damu ya mtoto, hapana."

Daktari alijitahidi. Akaeleza kwamba dawa haikukamuliwa kwenye sifongo yoyote. Wataalamu walikuta ndani ya mnyama huyo kitu kidogo cha namna yake, wakatazama kilivyoundwa, wakaunda chao maabara kwa kukifuatisha. Akaeleza kwamba uvimbe huzaana kwa pupa, na kwa pupa hiyo huimeza dawa ukidhani ni chakula chake, kisha unashindwa kuendelea. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anakwenda Migori kuongea na wazee wenzake. Daktari akasema bila idhini ya baba hatamdunga. Akaongeza, akinitazama mimi, kwamba baba asikawie.

Nami nilinyamaza. Watu watadhani nilinyamaza kwa sababu ya utiifu. Sivyo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshaiona ile sifongo kichwani, laini, yenye ute, ikipumua juu ya mwamba, na viganja nilikuwa nikivifuta kwenye kanga.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja wa upande wa Magunga, mke wa mvuvi, Mkatoliki, anamuuguza mwanawe aliyevunjika mguu. Alikuwa na kila kitu nisichokipenda. Alicheka kwa sauti, alipenga kamasi kwa vidole, na kila mchana alipika mumi kwenye kibanda cha nyuma ya wodi, akamleta akielea kwenye bakuli na kumla kwa vidole vyote vitano huku akifyonza kichwa. Harufu ilijaa wodi. Nilimpa mgongo tangu siku ya kwanza na yeye hakujali. Aliendelea kuniita nyaminwa, dada yangu, kana kwamba tumenyonya ziwa moja.

Alikuwa amesikia yote, kwani wodi haina siri. Asubuhi baada ya mume wangu kuondoka, akaniambia twende naye ziwani kufua.

"Nyaminwa, hiyo sifongo yenu mnapigania, mbona hata sisi tuko nayo?"

Ng'ambo kidogo ya gati aliingia majini mpaka magotini, akageuza jiwe, akaniita. Chini ya jiwe palikuwa na kitu cha kijani, kimejibandika kama ukoko wa ugali, chenye vitundu vidogo vidogo kila mahali. Akakibandua kipande akanipa kabla sijakataa. Kilikuwa laini na kinakwaruza kwa wakati mmoja. Kilinuka matope, mayai viza na mwani uliooza. Daktari aliniambia baadaye kwamba hicho ni ndugu wa mbali tu wa yule wa baharini na hakina dawa yoyote, lakini pale majini kwangu mimi kilikuwa ndicho.

"Kuna mtu amewahi kupona na hii?" nikamwuliza.

"Kupona nini? Inawasha tu. Bwana yangu ikishika nyavu anatukana mpaka jioni."

Kweli, mkono ulianza kuniwasha mpaka kiwikoni. Nilikitupa, nikasugua kwa sabuni, nikasugua tena, nikanusa vidole. Yule mama alikuwa amekaa juu ya jiwe akinitazama, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Wewe unachukia sana," akasema. "Ni sawa. Lakini sasa hizi ni mbili. Hii na ile iko kwa mdomo ya mtoto. Gani unachukia zaidi?"

Niliitazama ile takataka ya kijani ikielea, nikafikiria ile nyama nyekundu ikikua katikati ya meno ya mwanangu, ikila, ikinenepa, ikimfunga pumzi. Hakukuwa na mashindano. Nilikuwa nimeichukia sifongo kwa siku moja na uvimbe nilikuwa nimeuchukia kwa miezi. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusikia neno chukizo nikaona kwamba nilikuwa nimelitupa mahali pasipo pake, na mume wangu alikuwa huko Migori akilitupa vilevile, tena mbele ya kamati.

Alirudi kesho yake na jibu nililolitarajia. Wazee walikuwa wamegawanyika, kwa hiyo yeye akachagua upande mgumu. Alinikuta kwenye kibanda cha kupikia nikikoroga uji ambao mtoto hangeumeza. Akaniambia tutamrudisha nyumbani, tutafunga na kuomba.

"Baba nyathi," nikamwita, baba wa mtoto wangu, "kaa chini." Hakukaa. "Daktari alisema nani anakula hiyo dawa?"

"Mtoto."

"Hukusikiliza. Alisema uvimbe ndio unaila, ukidhani ni chakula. Anayelishwa chukizo ni chukizo. Wewe unautetea uvimbe usile kitu kichafu?"

Akakunja uso. Akasema hayo ni maneno ya ujanja, na dawa itapita kwenye damu ya mtoto hata hivyo. Alisema kweli, na mimi nilijua anasema kweli, na nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani.

"Haya. Msalabani, yule uliyebatizwa kwa jina lake, walimwekea nini mdomoni?"

Alivuta kofia yake chini.

"Kisa hicho unakisoma mbele ya kanisa kila mwaka. Walimwekea nini mdomoni?"

"Sifongo," akasema polepole.

"Iliyotoka wapi?"

Alishika nguzo ya kibanda. Nadhani hata yeye siku zote alidhani ni kitambaa. Nilimwambia kwamba kama kitu kile kilifaa kugusa midomo ile saa ile, kinafaa kumgusa mtoto wangu, na kama ni dhambi basi nitaibeba mimi, naye akae pembeni na mikono yake safi. Uji uliungua. Yeye akavua kofia, akaingia wodini kumtafuta daktari.

Sindano zilianza mchana uleule. Sitaeleza kila kitu. Mtoto alitapika mpaka akatapika maji ya njano. Nywele zilibaki mkononi mwangu nilipomfuta. Vidonda vikajaa midomoni, na uvimbe, ulipoanza kufa, ulinuka vibaya kuliko ulipokuwa hai, ukatoka vipande vipande ndani ya beseni pamoja na meno. Nililishika beseni lile kwa mikono yangu. Sikugeuza uso. Si kwamba kinyaa kilikuwa kimenitoka. Nilikuwa na kinyaa mpaka magotini. Ila sasa nilitaka kuona kila kipande kinavyotoka, nihakikishe kimetoka.

Shavu likashuka. Lakini mtoto naye alikuwa amekwisha. Alilala akitazama ukuta na kila nilichompa alikitema. Uji alitema, maziwa alitema, ndizi niliyoiponda alitema. Nilimpikia ngege, nikachambua kila mwiba, mwiba mmoja ukabaki ukamchoma kwenye kidonda, na baada ya hapo hakufungua mdomo hata kwa maji. Daktari alisema awamu ya pili ya sindano lazima ifuate, la sivyo uvimbe utarudi kama mwanzo, na hataweza kuianza juu ya mtoto anayekufa njaa. Alisema ale. Chochote, akasema, ilimradi ale.

Mchana huo yule mama wa Magunga aliingia na bakuli lake. Harufu ilipotufikia, mwanangu aligeuka kutoka ukutani. Midomo yake ilikuwa na magamba ya vidonda, macho makubwa chini ya kichwa kisicho na nywele. Akanyoosha kidole.

"Mama. Ile."

Nilimwambia ile si yetu. Akarudia, "Ile." Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, na nilimwona akimeza mate.

"Nyaminwa, mpe ya kwangu," yule mama akasema, akinisogezea bakuli. "Haina miiba. Ni laini, hata bila meno itaenda."

Bakulini alikuwa ameshatia vidole vyote vitano, na humo ndani kichwa kilikuwa kimefyonzwa nusu. Kuna mahali hata mama anaishia. Nilichukua kikapu nikaenda ufuoni.

Mumi hafi upesi. Niliyemnunua nilikuja naye kikapuni akijipinda na kuguna, ute ukichuruzika mguuni mwangu njia nzima mpaka hospitali. Yule mama alinionyesha jinsi ya kumsugua kwa jivu. Nilimsugua. Utelezi ulitoka kwa mafungu, wa kijivu, ukaingia chini ya kucha, na yule samaki akanitazama kwa masharubu yake yote. Nilitapika nyuma ya kibanda, nikarudi, nikaendelea. Kuni zilikuwa zimekwisha. Niliposimama kwenda kutafuta, nikamwona mume wangu anakuja na mzigo wa kuni begani. Aliutua bila kusema neno, akapiga magoti, akapuliza moto. Hakutazama ndani ya sufuria.

Nilimlisha kwa vidole, kwa sababu kijiko kiligusa vidonda. Nyama ile iliteleza kutoka vidoleni mwangu kwenda ulimini mwake. Alifunga mdomo. Taya lake lile, lililolegea na kuchimbika upande mmoja, likasogea taratibu, likasogea tena, na nikaona koo linashuka. Mtoto akafungua mdomo.

"Mama, meda." Niongeze.

Sasa ni mwanamke mzima mwenye wajukuu, uso wake umepinda kidogo kushoto, na kila anapokuja nyumbani huuliza tunakula nini kabla hajaweka mzigo chini. Baba yake hayupo tena. Tangu siku ile hadi alipofariki hakumla mumi, na sufuria hakutupa tena. Mimi pia sijawahi kumwonja. Namsugua kwa jivu nikiwa nimegeuza uso, nampika nikikunja pua, nanuka vidole siku mbili. Na mwanangu akisema meda, naongeza.